Uliza Kocha wa Sataranji: Mafumbo Nayapata, Mechi Napigwa

Toleo lililopita niliuliza nani anasolve mafumbo ya sataranji, yale ya kutafuta kombinesheni (hatua kadhaa zinazofuatana na kumbana mpinzani), na nyinyi wa Mombasa mkanimiminia meseji mpaka simu ikaomba poo. Nimechagua tano, nimezipunguza kidogo, majina nimeyaficha. Kwa wageni tu: vyumba vya ubao tunaviita kwa herufi a mpaka h kuanzia kushoto kwa mwenye nyeupe, na namba 1 mpaka 8 kuanzia upande wake huyo huyo. Tuanze.

Kocha salaam. Mimi niko Likoni, kazi kisiwani, kwa hiyo asubuhi na jioni niko ferry na humo ndio nasolve mafumbo. Reitingi yangu (ile namba ya kiwango) ya mafumbo imefika 2100 lakini mechi nimekwama 1350, na juzi nimepigwa na dogo wa sekondari mbele za watu. Shida iko wapi? – Wa Ferry, Likoni

Kaka, hujalogwa. Kwanza hizo namba mbili usizilinganishe manake hazitoki kwenye mzani mmoja. Ile 2100 ni wewe na mafumbo tu: kwenye Lichess, ile tovuti ya sataranji, kwa mfano fumbo lenyewe lina reitingi yake, ukilipata umelishinda, wewe unapanda lenyewe linashuka, ukilikosa linakula pointi zako. Ile 1350 ni wewe na binadamu mwenye mipango yake. Kwa hiyo mtu kuwa juu kwenye mafumbo na chini kwenye mechi ni kawaida, wachezaji wengi ninaowajua wako hivo hivo, ila tofauti ya 750 ni kubwa na nadhani najua inatoka wapi.

Fumbo likifunguka tu hapo kwenye skrini ushapewa habari kubwa bila kuuliza, kwamba kuna kitu, na kitu chenyewe kipo sasa hivi, zamu hii hii. Mafumbo mengi ni hivo. Ni mara chache sana fumbo litakutaka usogeze ngome pembeni kidogo uimarishe ulinzi halafu basi, lakini mechi nzima imejaa hatua za namna hiyo. Unacheza hatua ya 14, ya 15, ya 16, zote kavu, halafu ya 17 jamaa anaacha askofu wake hewani bila mlinzi na hakuna wa kukugonga bega akwambie haya amka, na wewe macho yashazoea kavu, unapita zako. Ningekuchorea hali ile ile kwenye skrini nikaandika juu yake "nyeupe acheze ashinde" ungeipata kwa sekunde kumi.

La pili ni namna unavyosolve, na hapa nasema kwa kuwa nimekaa baraza nyingi nikiwaangalia vijana wanavyofanya. Fumbo linafunguka, macho yanatafuta cheki (hatua ya kumshambulia mfalme), anaona malkia anafika h7, kidole kishagusa, kompyuta inajibu, ndio sasa anaanza kufikiria hatua ya pili. Ikija kijani anachekelea, ikija nyekundu anasema "ah, nilitaka ile nyingine bana". Hapo mtu hajahesabu chochote, amebahatisha hatua moja halafu mashine ikamsaidia, manake ikishajibu imekuonyesha tayari mpinzani atafanya nini. Kwenye mechi hilo jibu la mpinzani inabidi ulione wewe mwenyewe kabla hujagusa kete, na hiyo ndio kazi nzima, mengine yote ni mapambo.

Basi ukiwa ferry fungua fumbo moja na usiguse skrini mpaka uone mwisho wake, pamoja na kila jibu la maana ambalo mpinzani anaweza kutoa. Mkifika ng'ambo na hujamaliza, zima simu, ibebe ile picha kichwani upande nayo matatu. Fumbo moja safari nzima linatosha sana. Zile mbio za kusolve mafumbo mengi kwa dakika tatu ziache kwanza, mimi binafsi sizipendi kwa mtu wa kiwango chako, kwa mchezaji aliyeiva zinanoa jicho lakini wewe zitakufundisha kubahatisha kwa haraka zaidi.

Halafu nusu ya muda unaotumia kwa mafumbo ya wengine utumie kwa mechi zako ulizopigwa. Kabla ya kuwasha injini, ile programu inayokuhesabia hatua, pitia mwenyewe, kila mpinzani alipocheza jiulize ameacha nini. Kila hatua inaacha kitu nyuma: kete isiyo na mlinzi, mfalme asiye na pa kukimbilia, kete mbili ambazo farasi anaweza kuzipiga kwa mpigo mmoja, au mbili ziko mstari mmoja na moja inamfunika mwenzake. Ukiona viwili kati ya hivyo kwa wakati mmoja, simama hapo uhesabu. Huyo dogo wa sekondari nakuhakikishia hajui mafumbo kukushinda, anatazama ubao wote tu.

Kocha, hii ni mechi ya ubao, sio simu, nimecheza na jirani hapa Bamburi. Mimi nyeupe: mfalme g1, malkia h4, farasi g5, askari f2, g2 na h2. Yeye: mfalme g8, malkia b2, ngome a8, askari g7 na h7. Zamu yangu. Nikala h7 na cheki, nikamfukuza mfalme, nikala ngome ya bure kabisa, nikasimama nikacheka, kumbe ndio nimekufa. Ningefanyaje? – Mcheka Mapema, Bamburi

Hii nimeipenda mpaka nimeiweka kwenye ubao wangu hapa mezani. Nyie wengine chukueni ubao pia, kama kete zimepotea tumieni vifuniko vya soda muandike juu.

Kwanza tuone kilichokuua. Malkia anakula h7, farasi anamlinda, mfalme hana budi kwenda f8. Malkia h8 cheki, mfalme anatokea e7, na kweli mstari wote wa nane uko wazi mpaka a8 na ngome imekaa inakuangalia. Ukaila. Lakini tangu mwanzo kabisa, kabla hujagusa chochote, malkia wake pale b2 alikuwa anataka kuteremka b1 akupige cheki, na mfalme wako amezingirwa na askari wake mwenyewe watatu, f2, g2, h2, hana hata dirisha. Malkia wako akiwa a8 hawezi kurudi kujikinga, farasi hawezi, meti, yaani mfalme kapigwa na hana pa kukimbilia, mchezo umeisha. Ukiona tamaa kubwa namna hiyo mezani uliza kwanza yeye anatishia nini.

Sasa kwa kuwa anatishia meti, ukicheza polepole bila kulizuia tishio hilo umekufa, kwa hiyo anza kwa kutafuta cheki. Na cheki nzuri sio ile ya h7. Malkia aende c4, anampiga mfalme kwa mshazari. Akienda f8, malkia f7 ni meti papo hapo, farasi anamlinda malkia. Kwa hiyo anaenda h8. Farasi f7, cheki, mfalme arudi g8 kwa lazima. Hapa ndio tamu: farasi anaruka h6, na kwa kuondoka kwake anafungua njia ya malkia, mfalme anapigwa na wawili kwa pamoja. Askari wa g7 anatamani sana kumla huyo farasi lakini hawezi, akimla bado malkia anapiga. Cheki ya watu wawili mfalme lazima atembee, hakuna kujikinga wala kula kingine. Akienda f8, malkia f7 meti tena. Akienda h8... malkia anaingia g8! Ndio, mbele ya mfalme, mkononi mwa ngome. Mfalme hawezi kumla kwa sababu farasi wa h6 anailinda hiyo g8, inabidi ngome itoke a8 ije imle, na ikishakaa g8 mfalme hana pumzi, ngome upande mmoja, g7 na h7 ni askari wake mwenyewe. Farasi f7. Meti, na malkia wako yuko nje ya ubao.

Ngome ile ile uliyoila ndio ingemziba mfalme wake. Mtindo huu wala sio mpya, umo kwenye kitabu cha mwandishi Lucena kilichochapwa Salamanca, Hispania, mwaka 1497, na mpaka leo watu wanauangukia. Uweke kichwani na utauona kila mfalme akikaa kona na farasi yuko karibu na f7. Halafu mrudie huyo jirani, umwombe marudiano, na usicheke mpaka mshikane mikono.

Mimi ni mzee wa drafti, Majengo hapa wananijua. Wajukuu wameniletea sataranji nami nimeikubali. Kwenye drafti natoa moja nakula tatu bila kufikiria, sasa huku nikitoa kete naona mtu hali, ananiangalia tu. Drafti inanisaidia au inaniharibu? – Babu wa Drafti, Majengo

Shikamoo mzee wangu. Inakusaidia sana, zaidi ya wanavyojua hao wajukuu. Kitu kigumu kabisa kumfundisha mtu mzima anayeanza sataranji ni kukubali kupoteza kete kwa makusudi, moyo unakataa, na wewe moyo wako ushakubali zamani. Mtu wa drafti anajua kuhesabu nikimpa hii anakuja hapa, akija hapa namkata pale. Huko ndiko kombinesheni zinakoanzia.

Ila umeshaigusa tofauti mwenyewe. Kwenye drafti akiwekewa anakula, apende asipende, kwa hiyo mtego wako una uhakika. Sataranji hakuna lazima ya kula, mpinzani anaweza kukataa zawadi yako akaendelea na shughuli zake, na wewe umebaki na kete imekaa vibaya. Lazima ipo moja tu, mfalme akipigwa cheki ashughulike. Kwa hiyo ukitaka kutoa kete na mtu asiwe na hiari, toa ukiwa unapiga cheki, na hakikisha njia zake nyingine zote umezifunga, ndio ile lazima ya drafti inarudi.

Mfano maarufu kabisa ni wa Paul Morphy, kijana wa Marekani, mwaka 1858 huko Paris ndani ya jumba la opera, anacheza na mabwana wakubwa wawili, aliyekuwa mtawala wa Brunswick na Count Isouard, wamejiunga wanashauriana dhidi yake. Hatua ya 16 akampeleka malkia wake b8, cheki, bure. Farasi wao alikuwa d7 na hakukuwa na hatua nyingine halali isipokuwa farasi huyo kumla malkia. Akimla anatoka d7, na mstari wa d ukawa wazi, ngome ikapanda d8, meti, hatua ya 17. Mzee, mwambie mjukuu akuonyeshe mechi yote, ni fupi, na utaipenda manake hao mabwana walilishwa kwa lazima, drafti tupu.

Kocha habari. Mwanangu wa miaka tisa anashinda na mafumbo kwa simu yangu, bando linaisha, na babu yake hapa nyumbani anasema ni upuzi wa kisasa, watu wa zamani walicheza ubaoni wakashindana basi. Nimkataze? – Mama wa Tudor

Dada, babu mpe heshima zake lakini kwa hili mwambie pole pole. Mafumbo ya sataranji ni ya kale kuliko malkia tunayemjua sisi. Waarabu waliyaita mansuba, na kulikuwa na mabingwa wa kuyatunga, mmoja ni as-Suli, aliyecheza mbele ya makhalifa wa Baghdad na kufariki karne ya 10. Sheria zao zilikuwa tofauti, kete iliyokaa pahali pa malkia ilitembea chumba kimoja tu kwa mshazari, hizi mbio za malkia wa leo zilianza Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. As-Suli aliacha fumbo moja akajisifu kwamba hakuna duniani wa kulifumbua isipokuwa aliyefundishwa naye, na likakaa hivo zaidi ya miaka elfu mpaka bingwa wa Kirusi Yuri Averbakh alipolichambua miaka ya 1980. Mwulize babu huo ni upuzi wa kisasa gani.

Na kuna hekaya ya Dilaram, hii msimulie mtoto. Bwana mmoja kacheza kamari mpaka akamweka mkewe rehani, na kwenye ubao anaelekea kupigwa, mke anachungulia anaona kitu ambacho mume hakioni, anamnong'oneza atoe ngome zake zote mbili amwokoe yeye. Akatoa, akashinda. Mimi ningekuwa Dilaram ningeondoka hata hivo, lakini fumbo lenyewe lipo na ni zuri.

Kuhusu bando, Lichess ni bure na haina matangazo, na programu yake inaweza kushusha mafumbo kadhaa mkiwa na intaneti halafu mtoto akayasolve data ikiwa imezimwa. Mafumbo yenyewe yametolewa kwenye mechi za kweli za watu, yako mamilioni, hayatamwishia leo. Lakini ushauri wangu mkubwa ni huu: kila jioni achague fumbo moja, alipange kwenye ubao wa kweli, amwekee babu, na babu ndio acheze upande wa kujitetea. Mtoto atalazimika kujibu kila ujanja wa babu, simu itapumzika, na babu naye sidhani kama atalalamika tena akishashinda mara moja.

Kurudia mafumbo yale yale ni kujidanganya? Nshayajua majibu. – Fundi simu, Kongowea

Hapana fundi, rudia. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, Chase na Simon, waliwaonyesha wachezaji ubao kwa sekunde tano wakauficha. Bingwa alizirudisha kete nyingi sana pahali pake, anayeanza chache. Halafu wakazipanga kete ovyo ovyo bila mpango wa mechi, na ule ubingwa karibu wote ukayeyuka. Bingwa anakumbuka mipangilio aliyokutana nayo mara nyingi, anaiona kwa mafungu, sio kete moja moja. Kwa hiyo kusanya mafumbo kama mia mbili ya kiwango chako, yamalize, pumzika wiki kadhaa, yarudie. Sharti langu ni moja, usikubali jibu mpaka useme kwa mdomo limewezekana kwa nini: farasi hana mlinzi, mfalme kazibwa, kitu fulani. Ukitaja hatua tu bila sababu umekariri, halihesabiki.

Tupe moja ngumu basi. Hii imeombwa na wengi, wengine kwa kejeli. Haya: nyeupe ana mfalme h8 na askari c6. Nyeusi ana mfalme a6 na askari h5, anayeteremka kwenda kuwa malkia. Nyeupe acheze, apate droo. Alilitunga Richard Réti mwaka 1921, kete nne tu, na ukilitazama utaapa haiwezekani, mfalme mweupe yuko nyuma ya askari wa h kwa hatua mbili nzima na askari wake mwenyewe yuko mdomoni mwa mfalme mweusi. Nawapa kidokezo kimoja: kwenye ubao mfalme akitembea kwa mshazari hapotezi muda kuliko akinyoosha, kwa hiyo hatua moja inaweza kuwa safari mbili. Tumeni mistari yote, na jibu la nyeusi akikataa kula c6 liwemo, atakayeandika hatua ya kwanza peke yake simsomi. Injini hapana, nitajua.